Kambale Onésime Babili

BÉNITE: Haloo? … Haloo, ni nani huyu? Hii namba siijue.

MARIETTE: Ni mutu mwenye alikubeba ku mugongo mpaka ukamukojolea. Unamukumbuka?

BÉNITE: Yaya Mariette, dada yangu mukubwa. Mais hii telefone ni ya nani?

MARIETTE: Ya shemeki yako Phinées. Ameenda Mavivi kupokea mugeni ku aéroport, akaisahau ku meza. Namaliza unités yake ya kupiga simu mbele arudie.

BÉNITE: Shemeki atakufukuza.

MARIETTE: Anifukuze, nitakuya kulala kwenu Butembo. Muko aje kule?

BÉNITE: Tuko, Mungu anasaidia. Mvua tu, matope mpaka ku magoti. Na Beni?

MARIETTE: Tuko. Batoto banakula, banapigana, banakula tena. Hiyo kelele ni ya nini?

BÉNITE: Mashini. Nashona ma robe ya chorale, banayitaka mbele ya ibada ya dimanche na mi niko bado ku mikono —

MARIETTE: Simama kidogo.

BÉNITE: Naweza kukusikia na kushona pamoja, yaya.

MARIETTE: Bénite. Simama.

[Mashini inanyamaza.]

BÉNITE: Haya. Kuko nini? Papa anagonjwa?

MARIETTE: Papa iko muzima kule Kipese, anapanda viazi na kusumbua bantu. Ni likambo ya ndugu yetu Onésime. Comité ya kanisa yetu huku Beni ilikaa jana. Ule muzee administrateur anaenda kupumzika, macho haione tena. Nafasi banamuchungia Onésime wetu.

BÉNITE: Kweli?

MARIETTE: Ngoja nimalize. Ba pasteur banasema hivi: théologie anaijua, kuhubiri anahubiri, mais bureau inataka mutu mwenye amesoma comptabilité pia, mambo ya hesabu ya pesa. Akipita ile examen ya lundi, siku inafuata dimanche, kazi ni yake. Akianguka, banaita mutu mwingine, na huyo mutu iko tayari, anangoja tu.

MARIETTE: Haloo? Uko hapo?

BÉNITE: Niko. Umesema lundi?

MARIETTE: Lundi. Kwani haukujua?

BÉNITE: Nilijua. Nilikuwa tu… najua.

MARIETTE: Na anasoma muzuri?

BÉNITE: Kusoma, anasoma. Hakuna mutu ku Butembo muzima anasoma kama yeye.

MARIETTE: Mbona sauti yako imekuwa kidogo hivyo? Niambie mambo yake. Nasikia bamemuweka chef de promotion.

BÉNITE: Nani alikuambia?

MARIETTE: Papa. Alisimama ku kanisa Kipese, akatangaza kama mutoto wake ndiye mukubwa wa salle nzima ya banafunzi ku université. Bakamupigia makofi, akakaa, akasimama tena.

BÉNITE: [anacheka] Yaya, ukijua vile ile uchef ilipatikana, utacheka mpaka —

MARIETTE: Basi nichekeshe. Unités ni ya Phinées.

BÉNITE: Sikia. Pale université banafungua ma salle mbili. Moja ni ya bale balishasoma comptabilité tangu zamani, banataka kupanda juu zaidi. Ya pili ni ya bale banatoka ku masomo ingine. Kule kuko ba agronome, ba infirmier, mutu wa histoire, na théologien kama kaka yetu. Hawa banaanzishwa polepole, tangu chini kabisa: débit ni hii, crédit ni hii.

MARIETTE: Ndiyo hiyo yake.

BÉNITE: Ndiyo ingekuwa yake. Sasa unatujua siye Banande. Kila nyumba, mutoto mwanaume wa pili ni Kambale. Na kila mama wa Kambale anafungua Biblia kutafuta jina ingine. Ku valve, ubao ya matangazo, bakabandika majina ya salle zote, na —

MARIETTE: Bakawa Kambale Onésime babili.

BÉNITE: … Ulijuaje?

MARIETTE: Nimezaliwa Lubero, mi hapana mugeni. Endelea.

BÉNITE: Babili, mumoja ku kila salle. Appariteur, mwenye kuandika banafunzi, aliwachanganya. Kaka akaona jina yake ku ile salle ya bakubwa, akaingia, akakaa ku banc ya mbele.

MARIETTE: Bila kuuliza mutu.

BÉNITE: Nilimuuliza mi mwenyewe jioni ile. Nilimwambia, kaka, unasema haukuelewa hata neno moja, labda salle haiko yako? Akaniambia jina yake iko pale, na kama Mungu ameifungua ile mulango, yeye ni nani wa kuifunga.

MARIETTE: [anacheka] Ndiyo yeye.

BÉNITE: Ngoja. Siku ya tatu professeur anauliza. Anasema, makuta, ile pesa mwenye kampuni alitia mwanzoni, juu ya nini ku bilan, karatasi ya mali na madeni, tunaiandika upande wa madeni? Ba comptable bote banasema vile vitabu vinasema. Professeur anatikisa kichwa, hapana, hapana, nataka mutu anielezee kwa akili yake. Kaka anasimama. Unamujua akisimama.

MARIETTE: Anafunga bouton ya veste.

BÉNITE: Anafunga bouton ya veste. Anasema, "Ni juu ile makuta haiko ya kampuni. Kampuni inachunga tu. Siku moja mwenyewe atakuya kuyiomba."

MARIETTE: Alikuwa anahubiri.

BÉNITE: Alikuwa anahubiri, yaya! Alikuwa anasema mambo ya Mungu. Mais kumbe ndiyo jibu yenyewe. Professeur akavua lunettes za macho, akasema, ku salle hii kuko mutu mumoja mwenye anaelewa roho ya comptabilité. Saa moja ilipopita bakamuchagua chef. Tangu siku ile hakuna mutu anamuuliza tena kitu, banamuheshimu. Akinyamaza, banasema anafikiri.

MARIETTE: Na ule mwingine? Kambale wa pili?

BÉNITE: Wa Mutwanga? Ule iko ku salle ya banaoanza, anafundishwa débit iko kushoto. Yeye mwenye licence, shahada ya comptabilité, mwenye alishafanya kazi ku coopérative ya cacao. Banamupenda kule. Ba infirmier banamuita "docteur". Asubui banamuletea mahindi ya kuchoma ili awafasirie mambo mbele ya cours.

MARIETTE: Weye unajuaje mambo ya mahindi?

BÉNITE: Anatuambiaka.

MARIETTE: Anakuambiaka wapi?

BÉNITE: Hapa nyumbani. Kaka alishindwa na devoir ya nyumbani, bakamwambia kule ku salle ya chini kuko mutu anajua vyote. Akamutafuta, akamukuta anaitwa kama yeye. Akarudia hapa na furaha, anasema Mungu ametuma Onésime mumoja kumusaidia Onésime mwingine.

MARIETTE: Na pale pia haikumuingia ku kichwa.

BÉNITE: Haikumuingia.

MARIETTE: Basi wa Mutwanga anakuyaka kumufasiria.

BÉNITE: Jioni, kisha cours. Anafasiria na maharagi. Anaweka maharagi ku meza, ingine kushoto, ingine kuume, anamwambia kaka, ona, kila haragi inatoka mahali fulani na kuingia mahali fulani. Siku moja nilizikusanya nikazipika, hawakuwa bado bamemaliza exercice. Akasema haina neno, leo tunakula bilan.

MARIETTE: [anacheka] Anapenda maharagi?

BÉNITE: Anapenda. Bila pilipili. Na chai bila sukari, mais anataka tangawizi mingi. Na sombe, ukitia mafuta kidogo tu ya mawese, hapana mingi —

MARIETTE: Akicheka iko aje?

BÉNITE: Kuko ka nafasi ku meno ya mbele, akicheka anaweka mukono —

[Réseau ya simu inakwaruza.]

MARIETTE: Endelea. Anaweka mukono wapi?

BÉNITE: Sijue mi. Ku kinywa. Yaya, mbona unaniuliza hivyo?

MARIETTE: Nauliza mambo ya examen.

BÉNITE: Meno iko ku examen?

MARIETTE: Labda ku ile yako. Bénite, Onésime anapitaje —

BÉNITE: Attends, kaka anaingia. [Kwa sauti kubwa] Ndiyo yaya, mita tatu inatosha. Ukitaka mikono mirefu, basi ine.

MARIETTE: Mita ya nini?

BÉNITE: [kwa sauti kubwa] Bleu ama ile ya maua. Kaka, ni yaya Mariette, anataka robe.

MARIETTE: Sasa utanishonea robe ya kweli, juu nimesikia. Mupatie telefone.

BÉNITE: Anasema anakusalimia, hawezi kusimama. Kuko hesabu moja ya ma kampuni matatu yenye moja iko ndani ya ingine, inamukataa tangu juzi. Anasema umuombee.

MARIETTE: Amekula?

BÉNITE: Kaka, umekula? … Anasema atakula kisha. Anaenda ku chambre.

[Mulango unafungwa.]

MARIETTE: Ameenda?

BÉNITE: Ameenda. Yaya, amekonda. Leo nimemuona vizuri ku mulango. Mukanda ameutoboa tundu ingine.

MARIETTE: Anafanya nini sasa?

BÉNITE: Anaomba. Namusikia. Anataja ma compte ya hesabu moja moja, kama mutu anaombea bagonjwa ku hôpital.

[Wote babili hawacheki.]

MARIETTE: Bénite, wakati Onésime alijiandikisha, aliacha namba gani? Telefone yake si ilikuwa imeanguka ku maji?

BÉNITE: Aliacha… sikumbuke. Yaya, réseau inaanza —

MARIETTE: Réseau iko muzuri. Nasikia mpaka kuku yenu ku lupango.

BÉNITE: Aliacha yangu.

MARIETTE: Na appariteur alikupigia?

BÉNITE: Nani anasema alinipigia?

MARIETTE: Nauliza tu, niko mutu wa kuuliza.

BÉNITE: Alinipigia.

MARIETTE: Alisema nini?

BÉNITE: Alisema pardon. Anasema kuko erreur, kosa ku majina, kila Kambale arudie ku salle yake. Bafike kwake babili, asahihishe. Mais ifanyike mbele ya examen, juu kisha examen hakuna kugusa tena. Kila mutu anabakia na points za mahali alikaa.

MARIETTE: Ni lini alisema hivyo?

BÉNITE: Zamani kidogo. Ilikuwa bado mwanzo ya cours.

MARIETTE: Na haukumwambia ndugu yako.

BÉNITE: Nilitaka kumwambia jioni ileile. Nakuapia. Nilikuwa hata nimeshaweka chai ili nimwambie vizuri. Na wa Mutwanga akafika, ilikuwa mara yake ya kwanza. Mvua ikamushika hapa. Akaona mashini inakata nyuzi, akalala chini ya meza na nguo yake ya université, akaitengeneza. Nikasema, nitamwambia kaka kesho.

MARIETTE: Na kesho?

BÉNITE: Kesho akarudia.

MARIETTE: Na kesho ingine?

BÉNITE: Unajua jibu. Yaya, fikiri vizuri. Kaka akienda ku salle yake, atasoma polepole na bengine, ataelewa, hatakuwa na lazima ya mutu. Na ule atapanda juu kwa ba comptable. Nani atakanyaga huku tena? Atakuya kutafuta nini?

MARIETTE: Donc unamuacha mutoto wa mama yako akonde ili weye uangalie nafasi ya meno.

BÉNITE: Usiseme hivyo.

MARIETTE: Niseme namna gani? Nitie maua?

BÉNITE: [anapangusa pua] Naona haya. Kila asubui naamuka nasema ni leo. Kisha namusikia kaka anajiita mupumbafu ndani ya chambre. Anasema akili yake imezeeka, anasema labda hata théologie alibahatisha tu. Na mi niko hapa na jibu yake, nashona. Naona haya sana, yaya.

MARIETTE: Ona haya, ni muzuri. Sasa nikuulize kitu kingine. Ule wa Mutwanga, unafikiri hajue?

BÉNITE: Hajue kitu. Ni mutu mupole, hana bujanja.

MARIETTE: Bénite. Mutu ana licence ya comptabilité. Kila siku banamuandikia ku tableau kama débit iko kushoto. Anafikiri iko wapi, ku maternelle, kwa batoto badogo?

BÉNITE: Labda anasema ni… révision.

MARIETTE: [anacheka sana] Révision!

BÉNITE: Hapana kunicheka.

MARIETTE: Appariteur alimupigia yeye pia. Siku ileile alikupigia weye.

BÉNITE: Unasema nini?

MARIETTE: Nasema vile nimesema.

BÉNITE: Nani alikuambia hiyo?

MARIETTE: Yeye mwenyewe.

[Kuku analia.]

BÉNITE: Yeye… alikupigia? Weye?

MARIETTE: Jana. Aliomba namba yangu kwa Onésime, akamudanganya kama anatafuta mutu wa kumupokelea koli, muzigo fulani, huku Beni. Aliniongelesha mambo ya cacao. Aliniongelesha mambo ya barabara ya Mutwanga, pickup yenye iliangukia ku mutaro, afya ya mama yake. Nikasema huyu kijana anamaliza unités yake bure. Kisha akapumua kwa nguvu, akasema.

BÉNITE: Akasema nini?

MARIETTE: Kwanza alisema pole. Anasema alijua tangu mwanzo na akanyamaza, na ndugu yetu anateswa bure. Anasema yeye pia anapoteza mwaka, hatapata points za masomo yake, mais yake haina neno, alijitakia. Anasema kesho asubui anaenda kwa appariteur kueleza vyote, juu Onésime hawezi kuanguka sababu yake.

BÉNITE: Donc unajua hii mambo yote tangu jana. Na umeniacha nikuimbie.

MARIETTE: Nilitaka kuisikia ku kinywa yako. Na ile ya kukula bilan sikuwa nimeisikia, nashukuru.

BÉNITE: Yaya, weye ni mubaya.

MARIETTE: Tuko babili. Unataka kusikia ya mwisho ao nikate?

BÉNITE: Usikate.

MARIETTE: Alisema hivi, nayikumbuka neno kwa neno: "Yaya, nikirudia ku salle yangu, sitakuwa tena na sababu ya kufika kwao. Nilikuwa nakuomba, weye kama mukubwa wao, unipatie sababu ingine."

[Réseau inakwaruza, kisha inatulia.]

MARIETTE: Bénite?

BÉNITE: Donc kila jioni alikuwa anajua.

MARIETTE: Alikuwa anajua.

BÉNITE: Na alikuwa anakuya tu.

MARIETTE: Na maharagi ku mufuko.

BÉNITE: Mi nilikuwa najificha, na yeye anajificha. Na katikati kaka anaomba.

MARIETTE: Vilema vitatu ku nyumba moja. Sasa nisikie —

BÉNITE: Ulimujibu nini?

MARIETTE: Nisikie kwanza. Leo, mbele ya giza, unamwambia Onésime. Weye, hapana appariteur, hapana wa Mutwanga. Kesho asubui banaenda babili kusahihisha, na lundi kila mutu anakaa ku salle ya masomo yake.

BÉNITE: Atakasirika.

MARIETTE: Atakasirika sana. Kisha atafurahi, juu atajua kama haiko mupumbafu, ni salle tu haikuwa yake. Na mambo ya ile salle ya chini ameshayisoma na maharagi, haitamushinda. Umwambie hiyo pia.

BÉNITE: Atapoteza uchef.

MARIETTE: Papa atalia, si yeye. Sema utamwambia.

BÉNITE: Nitamwambia.

MARIETTE: Leo.

BÉNITE: Leo, yaya. Sasa hivi, tukimaliza. Mais ulimujibu —

[Sauti ndogo ndani ya simu: tii, tii.]

MARIETTE: Unasikia? Ni unités. Phinées ataniuliza nilipiga simu Ulaya.

BÉNITE: Yaya, usiende. Ulimujibu nini?

MARIETTE: Umusalimie Onésime. Na ile robe, mikono mirefu —

BÉNITE: Yaya!

MARIETTE: — bleu. Nilimujibu akuye dimanche, kisha ibada. Nilimwambia sababu ataikuta kwenu imekaa ku mashini. Mais afike bila cah—

[Tii. Tii. Inakatika.]

BÉNITE: Bila nini? … Haloo? … Yaya? … Bila cahier. Anakuya bila daftari ya masomo.

[Mulango unafunguliwa.]

BÉNITE: Kaka Onésime, kuya kidogo. … Hapana, hapana kuleta calculatrice. … Kuya tu ukae hapa. Niko na neno ya kukuambia, na utanikemea. Mais nakuomba unikemee yote leo, ifikapo dimanche iwe imekwisha.